Mzee Sylvestre, Mtu wa Milango Wazi

Jumamosi hii, tarehe 30 Agosti 1958, Mzee Sylvestre anaachia usukani baada ya kuitumikia kampuni yetu ya pamba hapa Uvira kwa miaka ishirini na tisa. Alianza mwaka 1929 akiwa kijana wa kubeba marobota, na anamaliza akiwa mkubwa wa madereva wote wa gereji. Katikati ya miaka hiyo kuna vumbi jingi la bonde la Ruzizi lililoingia mapafuni mwake, na kuna mambo mengine ambayo nitayaeleza, kwa sababu yeye mwenyewe amenitaka niyaeleze.

Mimi ninayeandika ni Déogratias, fundi wa gereji hiyohiyo. Bwana Direkta aliniambia niandike mambo ya kufurahisha, maana wageni watakuwepo, mapadri watakuwepo, na wake wa mabwana watakuwepo. Nikaitikia ndiyo bwana. Furaha nitaitia, ile iliyopo. Lakini wasifu wa Mzee Sylvestre usio na huzuni utakuwa wasifu wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hastaafu leo.

Waliomfahamu ujanani wanasema alikuwa na mabavu na maneno mengi. Akibeba robota anaimba, akilitua anasimulia. Udereva alijifunza kwa kukaa pembeni na kutazama miguu ya dereva, na siku alipopewa usukani kwa mara ya kwanza, kamyo, lile lori la pamba, ilikwenda moja kwa moja kwenye shamba la viazi la mama mmoja, kando ya njia ya Usumbura. Mama yule alisimama mbele ya kamyo na jembe lake, akasema haitoki pale mpaka matuta yarudi yalivyokuwa. Sylvestre akapiga matuta hadi jioni, wenzake wamekaa barabarani wanamcheka mpaka wanashika mbavu. Viazi vilipokomaa alipita tena, na yule mama akamjazia kikapu akisema ni jasho lake mwenyewe. Tangu hapo hakutokea dereva aliyeijua njia ile kama yeye: mahali mto unapoikata wakati wa mvua, mahali mchanga unapomeza gurudumu, na nyumba wanapokupa maji ya kunywa bila kununa.

Nyumbani kwake ni Kilibula, na mke wake ni Mama Émérance, ambaye wengi wetu tumekula kwake ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, bila kualikwa. Mama Émérance anasema mumewe alikuwa na wake wawili, yeye na ile kamyo, na kwamba kamyo ndiyo iliyooshwa uso kila asubuhi. Hapo hamsingizii. Fahari ya Sylvestre ilikuwa kabini yake.

Mnaoishi hapa mnalijua vumbi la bonde wakati wa kiangazi: linaingia kwenye chakula, linaingia masikioni, hata kanisani linakufuata. Na siku za soko la pamba kuna zile nyuzi nyepesi zinazoelea hewani na kukwama kooni, watu wanakohoa kutwa. Sylvestre hakukubali. Alichukua mipira ya ndani ya magurudumu yaliyochakaa, akaikata vipande vyembamba, akavigandisha kuzunguka kila mlango na kila kioo, mpaka kabini ikafungika kama chungu kilichofunikwa. Ukiingia na kufunga mlango, husikii hata kelele za kiwanda. Madereva wenzake walimwonea wivu, mabwana wakamsifu, na mwaka 1950 kabini yake ilitajwa mbele ya wafanyakazi wote kuwa safi kuliko zote. Nakumbuka alivyotabasamu siku ile. Jamani, laiti tungejua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, alikwenda na kamyo kwenye soko la pamba la Runingu. Wakulima walikuwa wamefika tangu alfajiri na vikapu vyao, wamepanga mstari mrefu mbele ya mizani. Miongoni mwao alikuwepo mama kijana aitwaye Inamahoro, na mtoto wake wa kike mgongoni, mtoto wake wa kwanza. Alifuatana na mama mkwe wake, Niyonsaba. Wawili hao walikuwa wamegombana njiani, tena kwa sauti, watu wakiwasikia. Niyonsaba hakutaka mtoto aletwe kwenye vumbi la pamba, na Inamahoro hakuwa na mtu wa kumwachia.

Mtoto akaanza kukohoa. Sylvestre alikuwa anapita, akamwonea huruma. Akasema kabini yake haina vumbi hata chembe, mtoto akalazwe mle apumzike. Nani angekataa? Kukaa kabini ilikuwa heshima, mahali pa wakubwa. Inamahoro hakuweza kutoka kwenye mstari, kwa hiyo Niyonsaba ndiye aliyempeleka mtoto, akamlaza kwenye kiti juu ya kitambaa, na mtoto akapitiwa na usingizi palepale. Sylvestre akapandisha vioo vyote viwili ili nyuzi za pamba zisiingie, akafunga milango ili mtoto asianguke. Wakati huo kamyo ilikuwa kwenye kivuli cha ghala.

Kisha kila mmoja akaenda kwenye kazi yake. Inamahoro alijua mama mkwe yupo karibu na mtoto. Niyonsaba alijua dereva yupo karibu na gari lake. Na Sylvestre, aliyeitwa upande wa pili wa ghala kupakia, alijua mtoto yupo na wenyewe. Kivuli kikahama. Jua la Runingu mnalijua lilivyo mchana wa kiangazi. Hakuna aliyesikia kilio, maana mtoto hakulia, na hata kama angelia, ile mipira ya Sylvestre ilikuwa imefanya kazi yake vizuri.

Inamahoro alipomaliza kupima pamba yake alikwenda kumnyonyesha mtoto, akakuta amekwisha kufa.

Sitaongeza neno hapo. Nilikuwepo Runingu siku ile, nimekuja kurekebisha mizani, na sauti ya yule mama naisikia hata sasa ninapoandika.

Mganga wa zahanati aliyeitwa alisema ni homa. Waliokuwa wakubwa wakati ule wakasema haya, ni homa, pole sana, na kazi ikaendelea. Sylvestre hakulala. Alikwenda ofisini akasema mtoto hakufa kwa homa, amekufa kwa joto, na aliyefunga vioo ni yeye. Wakamwambia arudi kwenye gari lake aache kujisumbua. Akaenda tena. Wakamwambia akija mara ya tatu watamwona ana wazimu. Basi akabaki na mzigo wake, mwili ukaanza kumwisha, na nyimbo zake zikakoma. Tangu mwezi ule sijamsikia akiimba.

Lakini kijijini hawakukubali habari ya homa hata kidogo. Mtoto aliyeamka mzima, aliyekula asubuhi, anakufaje kwa homa kabla jua halijageuka? Wakakumbuka ule ugomvi wa njiani. Wakakumbuka ni mikono ya nani iliyomlaza mtoto garini. Wakasema Niyonsaba amemloga mjukuu wake. Mwanawe mwenyewe akamfukuza nyumbani. Watoto wakamrushia mawe kisimani, na wanaume wengine wakaanza kusema kwamba mwanamke wa namna ile hafai kuachwa akaona mvua ya mwaka huo. Hayo hayakuwa maneno ya kutishia tu. Mama mzee akawa analala nyuma ya jiko la misheni, bila moto, bila blanketi.

Habari hizo zilimfikia Sylvestre akiwa gereji, mikono yake imejaa grisi. Aliniangalia, akajinyooshea kidole, akasema: "Wataua mama ya watu, na ni minye niliua." Nilimwambia anyamaze, asijitafutie balaa kwa watu wenye hasira. Namshukuru Mungu kwamba hakunisikiliza.

Soko lililofuata la Runingu, alifika mapema, akaiegesha kamyo katikati ya uwanja, mbali na kivuli chochote, akapandisha vioo na kufunga milango. Akaiacha iive. Jua lilipofika utosini, akamwomba kapita, msimamizi wa soko, awaite watu, na Niyonsaba naye aletwe. Mama mzee akaja, akasimamishwa peke yake kando ya uzio kama mtu mwenye ukoma. Inamahoro alisimama mbele na mikono kifuani, macho makavu.

Sylvestre hakuwa na hotuba. Akasema kwa sauti ya watu wote: "Mutoto hakulogwa. Gari ndiyo ilimuua, na minye ndiye nilifunga vioo. Muniangalie." Akaingia kabini, akafunga mlango.

Mwanzoni watu walicheka. Wakasema shofere amekunywa. Vijana wakagonga kioo na kumtolea ulimi. Kisha jasho likaanza kumtiririka kama mtu aliyemwagiwa ndoo, shati likagandamana na mwili, na kicheko kikapungua. Uso ukamwiva. Akafungua kinywa kutafuta hewa. Kapita akamwashiria atoke, naye akatikisa kichwa. Jasho likakauka juu ya ngozi yake, macho yakaanza kupanda juu, mikono ikaanguka mapajani. Nami nilikuwa nimesimama pale kama gogo. Wote tulisimama kama magogo, mtu mzima anakufa mbele yetu na hakuna anayejua kama kufungua ni kumsaidia au kumharibia.

Aliyekimbia ni Niyonsaba. Alitoka kule kwenye uzio na miguu yake ya kizee, akawapita wanaume wote, akavuta kishikio cha mlango kwa mikono miwili. Sylvestre akamwangukia. Mama mzee akakaa chini naye vumbini, akammwagia kichwani maji ya kibuyu chake, akampepea kwa ncha ya kitenge, huku anamgombeza kwa Kirundi kama mama anavyomgombeza mwanawe aliyetaka kuzama ziwani.

Mwanamume mmoja akatia mkono kabini, akautoa haraka. Mwingine akafanya vilevile. Wakaenda mmoja mmoja, hata wale waliosema kwa nguvu zaidi kwamba Niyonsaba ni mchawi, kila mtu akatia mkono wake akaona. Jioni ile Niyonsaba alirudi nyumbani kwake, na aliyembebea kikapu ni Inamahoro. Lakini kwa Sylvestre, aliyekuwa amelazwa chini ya ukuta wa ghala akitapika, Inamahoro hakugeuka.

Nimeandika hayo yote kwa urefu kwa sababu kazi ya Mzee Sylvestre tunayoishukuru leo ilianzia hapo. Marobota aliyoyafikisha Usumbura hayana idadi, madereva aliowafundisha wametapakaa mpaka Bukavu, na hajawahi kupindua gari hata mara moja. Mambo hayo ni makubwa. Yeye akiyasikia anapunga mkono kama anayefukuza inzi.

Siku aliyopata nafuu alichukua kisu, akaing'oa mipira yote aliyoigandisha kwa miaka. Kisha akaondoa vioo vya milangoni kabisa. Akaendesha hivyo, kiangazi na wakati wa mvua, anakula vumbi na kulowa. Alipoulizwa ofisini kwa nini ameharibu kabini nzuri namna ile, alijibu kwamba hajaiharibu, ameitengeneza. Walimkaripia sana. Akavirudisha vioo baada ya kukubaliana nao jambo moja, na jambo hilo ndilo mnalolijua wote.

Kamyo ikisimama, dereva hafanyi kitu kingine kabla ya kufungua milango yote miwili na kuifunga kwa kamba ya katani ibaki wazi. Kisha anapitisha mkono kwenye kiti kutoka mwanzo hadi mwisho, anainama kutazama chini ya kiti, na nyuma anafunua turubai. Hata kama alikuwa peke yake safari nzima. Hata kama anashuka kunywa maji tu. Na hakuna kula kabla ya hapo. Nimekaa naye kwenye sahani moja mara nyingi, mkono umeshafika kwenye ugali, akauliza: "Weye, umefungua?" Ukisita kidogo tu, anainuka yeye. Chakula kimepoa mara nyingi kwa sababu ya mtu huyu, na matumbo yetu yanamdai.

Madereva wapya walimcheka, kama watu walivyomcheka kule Runingu. Kwao alikuwa na somo lake. Anachukua mshumaa aliopewa na padri, anausimamisha kwenye kiti cha gari lililofungwa juani, anaacha kioo kimoja wazi upana wa vidole viwili kwa sababu kila mjuaji husema kwamba kioo kikiachwa wazi kidogo inatosha. Wanakwenda kula. Wakirudi wanaukuta mshumaa umeinama mpaka umelala kitini. Hapo anawaambia kwamba mtoto hana jasho la kutosha kama mtu mzima, kwamba mtoto aliyelala halii wala hagongi kioo, na kwamba kivuli ulichokiona wakati wa kuegesha hakitakungojea. Nimeona vijana wenye vichwa vigumu wakitoka kwenye somo lile wakaenda moja kwa moja kufungua milango ya magari yao.

Mambo ya kuchekesha yalikuwepo pia. Jumapili moja baada ya misa, aliona gari la mfanyabiashara mmoja limefungwa kando ya soko la Uvira, na ndani, chini ya blanketi, kuna kitu kinatikisika. Akamwita mwenye gari, hakuna. Akauliza watu, hakuna anayejua. Basi akavunja kioo kidogo kwa kiwiko. Loo! Likatoka jibwa kubwa, likamng'ata paja, likaenda zake sokoni kula nyama kwenye meza za wachinjaji. Sylvestre akachukuliwa na askari kama mwizi, akashinda kituoni damu zinamtoka, na alipoulizwa kwa nini amevunja gari kwa ajili ya mbwa, alijibu kwamba mbwa nayo inapumua. Siku chache baadaye yule mfanyabiashara alikuja mwenyewe gereji. Alikuwa ameingia garini mwake saa sita akafunga vioo ajaribu, na uso wake ulionyesha kwamba jaribio halikudumu. Akampa mkono. Mbwa ndiye hajamsamehe, akimwona mpaka leo anabweka.

Jambo la mwisho alilolianzisha ni banda la watoto. Kila soko la pamba bondeni sasa lina banda la matete lililo wazi pande zote, limeezekwa magunia ya pamba, na mtungi wa maji umewekwa. Akina mama wakipanga mstari, watoto wanakaa pale, na lazima awepo mtu mmoja aliyetajwa jina mbele ya wote kuwa ndiye anayewaangalia. Lazima atajwe. Sylvestre alishikilia hapo kuliko yote, kwa sababu mtoto yule wa Runingu aliangaliwa na watu watatu, kila mmoja akimwachia mwenzake. Mwaka 1955 kampuni ilikubali iwe amri kwa masoko yote na kwa magari yote, na tangu hapo hatujazika mtoto kwa sababu ya kamyo zetu. Banda la Runingu liliangaliwa na Niyonsaba mwenyewe mpaka alipofariki kiangazi cha mwaka juzi. Sylvestre alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake, na tangu hapo siku za soko la Runingu anayetajwa ni yeye.

Sasa nifike kwenye jambo lililokaribia kuvunja sherehe hii.

Nilipomwambia mwezi uliopita kwamba nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake, aliniuliza kama mtoto atakuwemo. Nikajiumauma. Nikasema kwamba ni siku ya furaha, kwamba wakubwa wanataka mambo mepesi. Akasema kama jina la mtoto halimo, na lake nilitoe, na Jumamosi asitafutwe, atakuwa kwake Kilibula amelala. Nikasema basi nitaliandika. Akasema hapana, si langu wala lake. Ni la mama yake, na tangu siku ile Inamahoro hajasema naye hata neno moja. Bila ruhusa ya Inamahoro hakuna jina, na bila jina hakuna sherehe. Ofisi ilikuwa imeshaalika watu. Nikachukua baiskeli nikaenda Runingu, roho mkononi.

Nilimkuta uani anachambua pamba, nyeupe upande huu, yenye madoa upande ule. Amezaa wengine baada ya yule, na mmoja alikuwa anacheza karibu na magunia. Nikamwambia nimetoka wapi na ninataka nini. Hakuacha kuchambua. Nilitaka kuondoka, kwa kweli, maana niliona nimeingia mahali ambapo mgeni hapaswi kuingia, lakini miguu ilikataa.

Mwishowe akasema: "Andika jina yake. Andika na ile ingine: alianzaka kutembea."

Akanieleza. Alikuwa anashika kitu, anasimama, anaachia, anapiga hatua, anakaa. Asubuhi ile ya soko alipiga hatua kutoka kwa bibi yake mpaka kwa mama yake, na ndipo wakaacha kugombana, wakacheka wote wawili. Watu waliwasikia wakigombana. Hakuna aliyekuwepo waliposimama kucheka. Inamahoro alisema amelibeba hilo peke yake tangu Niyonsaba alipokufa, na limekuwa zito.

Nikamuuliza kama atakuja Jumamosi. Nikamwambia kampuni itamtumia gari, halafu nikaona aibu kwa nilichosema. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Sitakuya. Siku ile iko soko. Niyonsaba hayuko, shofere wenu anaacha kazi. Watoto ya watu watabaki na nani? Mwambie kapita anitaje minye." Akarudi kwenye pamba yake. Hakusema kwamba amemsamehe mtu, nami sikuuliza.

Niliporudi gereji nilimkuta Sylvestre amekaa juu ya gurudumu la zamani, ananingoja bila kujifanya anafanya kazi. Nilimpa maneno kama nilivyopewa. Aliniomba nirudie ile ya kutembea. Nikarudia. Akasema alimwona asubuhi ile, kabla hajaanza kukohoa, amesimama peke yake ameshika gurudumu la kamyo, na kwamba alimpungia mkono. Kisha akalia mbele ya madereva wote, mtu mkubwa namna ile, na hakuna aliyemcheka. Jioni alimtuma Mama Émérance aje kuniambia kwamba Jumamosi atavaa koti lake na atakuja.

Kwa hiyo ninaandika, kwa ruhusa ya mama yake: mtoto huyo aliitwa Generose, na alikuwa ameanza kutembea.

Mzee Sylvestre, gereji yote inakushukuru. Akina mama wa bondeni wanaorudi nyumbani na watoto wao wanakushukuru, hata wale wasiokujua kwa sura. Nenda ukapumzike Kilibula, ule chakula chako kingali cha moto, upate usingizi ambao umeukosa muda mrefu. Tunakuombea siku njema na nyingi, na siku moja, Mungu akipenda, tukusikie tena ukiimba. Asubuhi hii, huko Runingu, Inamahoro ametajwa jina mbele ya soko lote.

Nanyi wageni wetu mliokuja na magari, jua limeshafika utosini. Chakula kiko tayari, lakini tafadhali msikae bado. Kila mmoja arudi kwanza kwenye gari lake, afungue milango, apitishe mkono kwenye kiti. Mzee hatakula mpaka mrudi.